Mpaka Uliofutwa Kwenye Kalenda

Kabla sijaanza, nitenganishe mambo. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: picha ya mwanamke aliyesimama kati ya mibuni yake, na mbele ya miguu yake safu ya mimea ya mpaka, picha ile ile siku iliyofuata, bila safu hiyo, na saini yangu chini ya karatasi iliyoruhusu picha ya pili ichapwe. Niliyoyasikia ni mengi zaidi. Nilisikia mtaani Miembeni, Bukoba, kwamba ofisi yetu ilipewa kitu ili ifute mimea ile. Nilisikia nje ya kanisa, kutoka kwa mtu anayeheshimika, kwamba mimea yenyewe iling'olewa na watu waliotumwa. Sikuona mkono wowote ukipokea kitu, wala panga lolote likikata. Kwa hiyo hayo mawili nayaacha hapa mlangoni, na msomaji asiyatarajie ndani.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilipostaafu, mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinifuata nyumbani akaniomba nimsomee kazi zake kabla hazijakwenda kuchapwa. Alikuwa na ofisi ya matangazo, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Miembeni. Nilimfahamu tangu akiwa kijana wa brashi. Baada ya shule alipaka majina ya maduka na vinyozi, nami nilikuwa nikipita chini ya ngazi yake nikimwonyesha makosa. Kutoka kwenye brashi alihamia kwenye stika za magari, kutoka stika akaingia kwenye fulana za harusi na za kwaya, na hatimaye akanunua mashine yake ya kuchapa. Hadi leo hawezi kuchora mstari kwenye kompyuta, lakini jicho lake ni kali. Mchoraji wa ukuta hujifunza kwanza kusugua ukuta na kuupaka chokaa, na mazoea hayo aliyahamishia kwenye picha. Kila ilipofika picha mpya alisimama nyuma ya kiti cha dizaina na kusema neno moja: safisha. Waya wa umeme utoke. Ndoo iliyopasuka itoke. Kivuli cha mtu kisichohitajika kitoke.

Dizaina wake alikuwa binti wa Kagondo, mwenye umri wa kama miaka thelathini. Alisomea kazi hiyo Dar es Salaam na kufanya kazi huko katika ofisi kubwa, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Aliniambia kuwa kule kazi aliyokuwa akiifanya Bukoba peke yake hugawanywa kwa watu sita. Sikuwahi kwenda kuwahesabu. Ninachoweza kukishuhudia ni namna alivyofanya kazi. Yeye ndiye aliyepiga picha, yeye ndiye aliyezipanga, na hakuwahi hata siku moja kuigusa picha ya asili. Alitoa nakala, akaipa jina, akafanya kazi juu ya nakala. Bosi, yule mwanafunzi wangu, aliona huko ni kuijaza kompyuta bure, na kila mteja alipokabidhiwa kazi yake, bosi alifungua kompyuta mwenyewe na kufuta picha za asili. Jambo hilo pekee alijua kulifanya bila msaada.

Nami nilikuwa na utaratibu wangu. Nilisoma prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, kwa rula na penseli, nikianzia mstari wa mwisho kwenda wa kwanza, ili maana isinivute nikapita juu ya kosa. Tena nilibuni karatasi ya idhini. Ilikuwa na nafasi tatu za saini: ya dizaina, ya msomaji na ya mwenye ofisi. Juu yake niliandika kwa mkono wangu sentensi moja: "Waliotia saini hapa wameikagua kazi hii na kuiona kuwa sahihi." Bila saini tatu hakuna kilichokwenda mashineni. Niliionea fahari karatasi hiyo kuliko ilivyostahili.

Kazi ninayoizungumzia ilikuwa kalenda ya chama cha wakulima wa kahawa cha huko Muleba. Binti alikwenda na kamera msimu wa kuchuma, akazunguka vibanja kadhaa, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa, akarudi na picha ya mjane mmoja aliyeshika tenga la kahawa mbivu na kucheka kwa uso mzima. Hakuna aliyebisha kwamba hiyo ndiyo picha ya kalenda. Ila mbele ya mjane, kutoka pembe hadi pembe, ilipita safu ya miramura.

Kwetu mpaka wa kibanja hupandwa. Mramura ni mmea wenye majani marefu yaliyochongoka na shina gumu ambalo hata ukilikata huchipua tena, na ndiyo maana wazee waliuchagua. Aliyezaliwa katika nchi hii huufahamu kabla hajafahamu herufi, na hakuna anayeugusa pasipo mashahidi. Bosi wangu alizaliwa hapa, binti alizaliwa hapa, nami nimezaliwa hapa kabla yao wote wawili.

Bosi alisimama nyuma ya kiti. "Hayo majani mbele yanaziba kahawa," alisema. "Safisha."

Binti hakuanza mara moja. Alinigeukia mimi, niliyekuwa meza ya pili nikisoma majina ya sikukuu.

"Mwalimu, hii si miramura? Si tuiache?"

Nilinyanyua macho nikatazama. Niliiona safu yote na niliijua ni nini. Nikajibu, "Picha si eneo langu, binti. Mimi ni wa herufi."

Bosi akacheka. "Umesikia. Wewe unauza kahawa au unauza mipaka?"

Kesho yake nililetewa prufu. Mbele ya mjane palikuwa na udongo mwekundu uliolala vizuri, kama uliofagiwa. Nilikuta nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili kwenye mwezi wa nne, nikaisahihisha, nikatia saini.

Mjane alikuja ofisini mwaka mpya ukiwa umeshaanza, asubuhi, akiwa na kalenda aliyoiviringisha ndani ya khanga. Alipanda ngazi polepole, akatuamkia kwa heshima zote za kwetu, akakaa kwenye benchi la wateja. Bosi alimtambua kwanza, kwa ile picha.

"Karibu, mama. Nyota wetu."

"Mmenipiga vizuri, waitu," alisema mjane, kwa neno letu la heshima. "Majirani wananiita mama kalenda. Nimekuja kuwauliza, mpaka wangu mmeuweka wapi?"

Aliikunjua kalenda juu ya meza yangu na kueleza, bila kupandisha sauti. Baada ya msimu ule alikuwa amekuja Bukoba kumsaidia binti yake aliyejifungua. Aliporudi Muleba, safu ya miramura haikuwapo. Mahali pake palikuwa pamelimwa na kupandwa maharage, na mdogo wa marehemu mumewe, shemeji yake wa upande wa pili wa mpaka, alikuwa amechukua kahawa yote ya sehemu ya chini ya kibanja chake. Alimpeleka baraza la kata. Baraza la kata siku hizi halihukumu mashauri ya ardhi, husuluhisha tu, na likishindwa huandika hati ili shauri liende wilayani. Baraza liliuliza mpaka ulikuwa wapi. Kati ya majirani wawili waliokuwapo ulipopandwa, mmoja amefariki, na wa pili alisema hakumbuki. Ndipo shemeji aliponyanyuka, akaiondoa ukutani kalenda ya chama iliyotundikwa mle mle ofisini mwa kata, akaiweka mbele ya wajumbe.

"Aliwaambia hii imetengenezwa na watu wa mjini, hawana ndugu hapa, hawajui ugomvi wetu," alisema mjane. "Akasema, huyu hapa shemeji yangu amesimama kibanjani. Nionyesheni mpaka anaousema. Wakatazama. Hata mimi nikatazama. Haupo."

"Wamewapa muda gani?" aliuliza binti.

"Jumanne ijayo ndiyo siku ya kikao cha mwisho. Tusipopatana, wanaandika, tunakwenda wilayani na kalenda hii ikiwa kielelezo chake." Alipitisha kiganja juu ya picha yake mwenyewe. "Kahawa yangu yote iko kule chini. Nikiikosa ninabaki na nyumba na migomba ya kula. Nimeambiwa ninyi mna ile picha yenyewe, ya kwanza."

Bosi alijibu kwa upole sana, na upole huo sikuupenda. "Mama, picha ni mali ya chama. Waombe chama."

"Shemeji yangu yuko kwenye kamati ya chama."

"Basi waombe wenzake."

Mjane aliiviringisha kalenda, akashukuru, akashuka ngazi kama alivyopanda. Binti alimfuata hadi chini na kurudi.

"Usinitazame hivyo," bosi alimwambia. "Yule ni mtu wa kamati. Kazi ya kuchapa mifuko ya kahawa ya msimu ujao wataileta kwetu au watampa mwingine, na yeye ana neno. Halafu tukisimama mbele za watu tuseme tumefuta, nani atatupa kazi tena?"

"Lakini tumefuta."

"Tumesafisha."

"Tumefuta, bosi."

Binti alikwenda kwenye kompyuta ya kwanza akafungua sehemu ya kazi za chama, nami nikasimama nyuma yake nikatazama. Ilikuwamo kalenda iliyokamilika, basi. Picha za asili zilikwisha kufutwa. Bosi alipoona hivyo alishusha pumzi, na nadhani hakujua kwamba nimemwona. Akasema kwamba kilichotengenezwa ofisini ni cha ofisini, na atakayekitoa nje bila ruhusa yake asihangaike kurudi. Kisha akaenda benki.

Binti alisubiri mpaka hatua zake zikatoweka mtaani. "Ninayo nyumbani, Mwalimu," alisema. "Kwenye diski yangu. Siku zote ninabaki na ya asili."

Sikufurahi kama alivyotarajia. Neno la mtu kwamba anacho kitu si kitu chenyewe. Nilimwambia kwamba Jumamosi nitakuja Kagondo kuona.

Nilikwenda baada ya chakula cha mchana. Mama yake alinikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, akatuacha sebuleni na kompyuta ndogo ya binti. Sikukubali kuonyeshwa picha moja. Niliomba nione zote alizopiga siku ile, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake. Nilimwona mjane akifunga khanga, mjane akikataa kucheka, mjane akicheka. Safu ya miramura ilikuwapo katika kila picha iliyoonyesha ardhi. Nilitulia kidogo. Halafu nikauliza tarehe.

Binti aliinamisha kichwa. "Tarehe ni mbovu. Betri ya saa ya kamera ilikufa, sikuirekebisha."

Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya miaka mingi nyuma, kabla yeye mwenyewe hajarudi Bukoba. Nilikasirika, na sikuficha. "Kwa hiyo unakwenda mbele ya baraza na kamera inayosema uongo."

"Kamera haijasema kitu, Mwalimu. Saa yake ndiyo mbovu."

"Yule shemeji hataacha nafasi ya kutenganisha hayo mawili. Atasema picha hii ni ya zamani, kabla hajapewa sehemu yake, na mpaka ulihamishwa kwa makubaliano. Utamjibu nini?"

Mama yake alikohoa chumba cha pili na binti akaenda kumpa maji. Alipokuwa huko niliiweka kalenda niliyokuja nayo kando ya kompyuta, nikaanza kuzisoma picha mbili kama ninavyosoma prufu, kutoka chini kwenda juu, nikiisogeza rula. Chini kabisa, kwenye pembe ya kushoto, ulionekana mkia wa kuku aliyekuwa akitoka kwenye picha. Mwili wake haukuingia. Mkia huo ulikuwa kwenye zote mbili. Ndani ya tenga kulikuwa na jani moja la mbuni lenye tundu lililoliwa na mdudu. Lilikuwa kwenye zote mbili. Kunjo la khanga begani, kidole gumba juu ya ukingo wa tenga, vilikuwa sawa hadi kivuli.

Binti aliporudi nilimwambia kwamba tarehe haitahitajika. Shemeji ameiambia kata kwamba kalenda ni ushahidi wake na kwamba ni ya kweli. Hizi si picha mbili. Ni picha moja, iliyopigwa mara moja, mpaka ukiwapo. Akiikubali moja ameikubali na nyingine.

"Ila atauliza nani amefuta," binti alisema.

"Atauliza. Na atauliza nani aliruhusu."

Jumatatu nilimweleza bosi mimi mwenyewe, kwa sababu niliona si haki ajulishwe na mwingine. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni.

"Mwalimu, utanivunja."

"Ninakwenda kusema nilichokitia saini."

"Ulitia saini herufi. Ulisema mwenyewe, nilikuwapo."

Alinigonga mahali penyewe. Nilifungua kabati, nikaitoa karatasi ya idhini ya kalenda ile, nikamsomea sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu. Haikusema herufi. Ilisema kazi.

Alimgeukia binti, ambaye alikuwa akifunga begi lake. "Hiyo kamera ni ya ofisi."

Binti aliitoa kamera akaiweka mezani, akaweka na chaji yake, akaweka na kile kitambaa cha kufutia lenzi. Sikusikia neno la kufukuza kazi likitamkwa, wala la kuacha. Ninachojua ni kwamba leo ana meza yake mwenyewe huko Kibeta na mimi ndiye ninayemsomea prufu, kwa hiyo mmoja wao lazima alilitamka.

Jumanne tulipanda gari la asubuhi kwenda Muleba. Tulikuwa na picha ya asili iliyochapwa kwa ukubwa wa kalenda na ile karatasi ya idhini. Njiani nilikuwa nikijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza miezi mingi nyuma: mtu aliyetumia maisha yake yote akiwafundisha watoto kuangalia vizuri anawezaje kuutazama mpaka wa mjane na kusema si eneo langu.

Kikao kilifanyika ndani ya ofisi ya kata, mwenyekiti akiwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Shemeji alikuwa mtu nadhifu, amevaa koti, anazungumza taratibu kama mtu aliyezoea mikutano. Alitusalimu vizuri. Binti alieleza kwamba ndiye aliyepiga picha, akaiweka ile ya asili mezani. Shemeji hakuikaribia.

"Binti, hiyo umeitengeneza lini?" aliuliza.

"Sikuitengeneza. Niliipiga."

"Watu wa kompyuta mnaweza kunivika hata mimi gauni. Mnashindwa kupanda miramura?" Wajumbe wawili walicheka. "Mwenyekiti, mtu ambaye kazi yake ni kubadilisha picha anatuletea picha. Iliyoko ukutani ilikuja kabla ya ugomvi. Hii imekuja baada ya shemeji yangu kwenda mjini."

Nilikiri moyoni kwamba alihoji vizuri. Ningekuwa mjumbe ningehoji hivyo hivyo. Mwenyekiti akaniuliza mimi ninajua nini.

Nilisema kwamba siku ya kupiga picha sikuwapo, kwa hiyo kibanja sikukiona. Nilichokiona ni picha kwenye kioo cha kompyuta, siku ilipoletwa, ikiwa na miramura. Na siku ya pili, bila miramura. Niliona kwa macho yangu, na nilikuwa nimekaa hatua tatu.

"Ulijua ni miramura, Mwalimu?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilijua."

"Ulisema nini?"

"Niliulizwa kama iachwe. Nilisema si eneo langu. Kisha nikatia saini." Niliisukuma karatasi mbele yake.

Shemeji aliichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho, akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo, mzee wangu, ulitia saini uongo, na leo unataka tuamini saini yako."

"Sikuombi uamini saini yangu. Nakuomba utazame mkia wa kuku."

Niliziweka kando kwa kando, nikampa mwenyekiti rula. Alizisoma polepole: mkia, jani lenye tundu, kunjo la khanga, kidole. Aliwaita wajumbe mmoja mmoja waje kutazama. Yule jirani aliyesahau alikaa nyuma na hakuja. Kisha mwenyekiti akamuuliza shemeji kama bado anaitambua kalenda kuwa kielelezo chake.

Hapo alisita. "Ninaitambua. Lakini mwenyekiti, picha si ardhi. Twendeni kibanjani. Kama kulikuwa na mpaka, ardhi itasema. Mramura haufi."

Nilielewa baadaye kwa nini alikuwa na ujasiri. Kibanja kilikuwa kimelimwa vizuri sana.

Tulikwenda kwa miguu. Maharage yalikuwa yamefika magotini, mazito, bila dalili ya kitu kingine. Mwenyekiti akamtaka mjane asimame pale alipopigiwa picha, naye binti akashika picha na kumwongoza. "Kushoto kidogo, mama. Rudi nyuma. Hapo." Nyuma ya bega la kulia la mjane ukaonekana mbuni wenye mashina mawili, na nyuma ya la kushoto pembe ya bati la jiko, kama ilivyo pichani. Binti akahesabu hatua mbili mbele ya miguu ya mjane. Mjumbe mmoja akachimba kwa jembe. Hapakuwa na kitu. Akachimba tena kando yake, ndani zaidi. Udongo mtupu.

"Chimbeni mpaka ziwani," shemeji alisema. Walicheka tena, na safari hii walikuwa wengi.

Nilimtazama mjane. Hakuwa amesogea alipowekwa, kana kwamba akisogea kila kitu kitapotea. Alikuwa akitazama kahawa yake ya chini, si mashimo.

Mwenyekiti alikuwa ameanza kukunja karatasi zake binti aliposema, "Subirini. Nilikuwa nimepiga magoti."

"Nini?"

"Siku ile. Sipigi mtu wa shambani nikiwa nimesimama juu yake. Nilipiga magoti. Leo ninatazama nikiwa nimesimama, na picha ni ya mtu aliyepiga magoti. Ukiwa chini, kilicho mbali na miguu ya mtu huonekana kiko miguuni pake."

Akapiga magoti katikati ya maharage ya shemeji na sketi yake nzuri, akainua picha mbele ya uso wake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alimwomba mjane asogee nusu hatua, akainama zaidi, kisha akanyoosha mkono bila kuondoa macho kwenye picha. "Karibu zaidi na mimi. Hapo mlipo mmepita. Hapa."

Mjumbe alichimba. Jembe liligonga kitu kisicho jiwe. Akatupa jembe akamalizia kwa mikono, na akatoa shina la mramura lenye unene wa kifundo cha mkono, limekatwa kwa panga chini ya usawa wa ardhi, na ubavuni limetoa chipukizi jeupe la urefu wa kidole. Lilipita mikononi mwa wajumbe wote. Lilipofika kwangu nililishika. Lilikuwa na maji, na halikuwa na dalili ya kuoza.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti hakumuuliza shemeji nani alikata, nami nilimheshimu kwa hilo, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo ambaye angeweza kujibu kwa kuona isipokuwa labda mmoja. Aliuliza hivi tu: "Tuandike kwamba mmepatana, au tuandike kwamba mmeshindwana?"

Shemeji alitazama shina mkononi mwangu, kisha jirani yake aliyesahau, ambaye sasa alikuwa akitazama pembeni.

"Shemeji," mjane alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita aje kula.

"Andika tumepatana," alisema shemeji. "Lirudishwe."

"Wapi?"

"Lilipotoka."

Mwenyekiti aliandika akiwa amesimama, akasoma alichoandika, na shemeji akatia saini juu ya goti lake. Niliiona saini hiyo. Nimeambiwa tangu siku ile kwamba safu nzima imepandwa upya, na pia nimeambiwa kinyume chake. Sijarudi Muleba kuangalia, kwa hiyo siandiki lolote. Nilichokishuhudia ni shina moja nililolitoa mikononi mwangu nikamkabidhi mjane. Alilirudisha shimoni, chipukizi likielekea juu, akavuta udongo kwa mguu, na akaukandamiza kwa kisigino pande zote mpaka shina likasimama lenyewe.